Bega Baada ya Titi Kujengwa Upya kwa Msuli wa Mgongo

Katika parokia zetu wapo akina mama waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, na baadhi yao hujiuliza kama inafaa lijengwe upya. Mojawapo ya njia wanazozitumia madaktari bingwa ni kuuhamisha msuli mpana wa mgongo na kuuleta kifuani. Hapo huzuka swali ambalo halina budi kuulizwa kabla ya upasuaji: msuli huo ukihama, bega litafanyaje kazi? Makala haya yanalijibu swali hilo, ili anayeamua aamue kwa ufahamu, nayo familia yake ijue namna ya kumsaidia.

Msuli huu na kazi yake

Msuli mpana wa mgongo huanzia kwenye uti wa mgongo, mbavu za chini na mfupa wa nyonga, ukapanda kuelekea kwapani na kujishikiza kwenye mfupa wa juu wa mkono. Kazi yake ni kuushusha mkono ulioinuliwa, kuuvuta nyuma, kuukaza ubavuni na kuuzungusha kwa ndani. Anayevuta kamba ya kisimani, anayepiga kasia, anayekwea mti, au anayejiinua kitini kwa kusukuma mikono, wote huutumia.

Hata hivyo, msuli huu haufanyi kazi peke yake. Ipo misuli mingine ya bega na ya kifua inayofanya kazi zinazofanana nazo, na hiyo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo pale mwenzao anapohamishwa.

Njia hii si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Iginio Tansini, daktari mpasuaji wa Italia, aliutumia msuli huu kufunika jeraha la kifua baada ya titi kukatwa. Baadaye njia hiyo ilisahaulika, kisha ikarudi katika miaka ya 1970. Msuli hupitishwa chini ya ngozi ya kwapa hadi kifuani, ukiwa bado umeunganishwa na mishipa yake ya damu. Ndiyo maana huendelea kuishi mahali pake papya.

Yanayotokea begani

Katika wiki za kwanza bega huuma, hukaza na kukosa nguvu. Majimaji hujikusanya mara kwa mara chini ya ngozi ya mgongo, na pengine daktari hulazimika kuyanyonya kwa sindano. Kwa wanawake walio wengi, nguvu na mzunguko wa bega hurudi polepole, na sehemu kubwa huwa imerudi kati ya mwezi wa 6 na wa 12. Wengine hubaki na udhaifu kidogo, hasa katika kuvuta kwa nguvu au kufanya kazi ndefu mikono ikiwa juu ya kichwa.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili. Udhaifu wa kuvuta na kusukuma chini hutokana na msuli uliohama. Lakini ugumu wa kuuinua mkono kwa kawaida hutokana na makovu yanayovuta, na upasuaji wa tezi za kwapani, na mionzi, au na kukaa muda mrefu bila kuutumia mkono. Ugumu huo wa pili ndio unaoitikia sana mazoezi, na ndio unaozidi pale mgonjwa anapoufunga mkono wake ubavuni kwa hofu ya kujiumiza.

Kwa hiyo mazoezi ni sehemu ya matibabu. Kwa kawaida huanza mapema kwa kukunja na kukunjua vidole na kiwiko, na kuzungusha mabega taratibu. Daktari akiruhusu, mgonjwa husimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa kutambaza vidole, kila siku juu kidogo kuliko jana. Mizigo mizito husubiri, kwa kawaida wiki 6 hivi au zaidi, kadiri daktari atakavyoelekeza. Homa, jeraha kuwa jekundu na kutoa usaha, au mkono kuvimba, ni sababu za kurudi hospitalini bila kukawia.

Nani atafakari zaidi?

Anayetembea kwa magongo au anayetumia kiti cha magurudumu huutegemea sana msuli huu kujiinua na kujisogeza. Vivyo hivyo anayeishi kwa kupiga kasia au kwa kazi nzito ya mikono. Hao wamweleze daktari kazi zao za kila siku na kumuuliza kama ipo njia nyingine. Aliye na bega bovu tangu zamani naye aseme mapema.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kutaka titi lijengwe upya ni kujipamba. Papa Pius XII, akizungumza na wataalamu wa upasuaji wa namna hii mwezi Oktoba 1958, alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa upo chini ya mema makubwa zaidi. Mama anayetaka kurudishiwa umbo lililoharibiwa na ugonjwa hatendi dhambi. Wala anayechagua kubaki bila titi hajapungukiwa hadhi yake. Kila mmoja apime faida na gharama, na asishinikizwe na mtu.

Wajibu wa familia na jumuiya

Mama akirudi nyumbani, ndoo ya maji, jembe na mchi humngoja. Akivishika mapema, hujiumiza. Akizuiwa kugusa chochote kwa miezi mingi, bega hukakamaa. Mume na watoto wachukue kazi nzito katika wiki zile za mwanzo, kisha wamwachie kidogo kidogo kazi nyepesi: kuchana nywele zake mwenyewe, kuanika nguo, kufagia. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina desturi njema ya kumtembelea mgonjwa na kusali naye. Ziongeze zamu ya kumchotea maji, na zimkumbushe mazoezi yake ya siku bila kumkaripia.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee wote wanaoubeba msalaba huu.