Kibali cha Singapore huombwa na mwajiri

Anayetaka kazi Singapore haanzi ubalozini. Anaanza kwa mwajiri, kwa sababu huyo ndiye anayeomba kibali kwa Wizara ya Kazi ya huko, na kibali kikitoka kinafungamana na kampuni hiyo. Ukihamia kwingine, maombi yanaanza upya. Ukiachishwa, kibali kinafutwa, na kwa kawaida unabaki na siku 30 za kupata mwajiri mwingine au kufunga mizigo.

Vibali vyenyewe vina ngazi tatu. Ya chini, ya vibarua wa ujenzi, wafanyakazi wa viwandani na wa majumbani, ni ya raia wa nchi zilizoorodheshwa tu. Zote ni za Asia. Kwa hiyo wakala anayemwahidi binti wa Tanga kazi ya ndani Singapore anauza kitu ambacho hakipo, hata awe na ofisi nzuri namna gani. Ngazi ya kati iko wazi kwa mataifa yote, ila kampuni ina ukomo wa idadi na hulipa tozo ya kila mwezi kwa kila mgeni. Wasomi wa kwetu wengi hulenga ya juu, ya wataalamu.

Huko mshahara ndio mlango. Tangu Januari 2025, mwombaji mpya sharti alipwe angalau dola za Singapore 5,600 kwa mwezi, au 6,200 akiwa katika sekta ya fedha. Tena hicho ni kima cha kijana wa miaka 23. Hupanda kadiri ya umri, hadi 10,700 kwa mwenye miaka 45 na zaidi nje ya sekta ya fedha. Mhandisi mzoefu anayesema yuko tayari kulipwa kidogo alimradi afike, anajifungia mlango mwenyewe.

Halafu kuna alama. Tangu Septemba 2023 maombi mengi ya ngazi hii lazima yafikishe 40. Hupimwa mshahara ukilinganishwa na wa wenyeji, elimu, uraia wako ndani ya kampuni, na namna kampuni inavyoajiri wenyeji. Kila kigezo kina alama zisizozidi 20. Hapa uchache wetu unatufaa. Raia wa nchi yako wakiwa chini ya asilimia 5 ya wataalamu wa kampuni kubwa, unapewa 20 zote. Mchukue mtaalamu wa programu kutoka Nairobi: 20 za uraia, 10 za shahada inayotambulika na kuhakikiwa, na 10 za mshahara ikiwa anawazidi takriban wataalamu wenyeji 65 kati ya 100 katika sekta yake. Arubaini hizo zimetimia. Mwenzake kutoka nchi ambayo raia wake wamejaa katika kampuni ileile anapata sifuri kwenye uraia, na itambidi azitafute kwingine.

Ukishafika, usidanganywe na hati ya mshahara. Inaonekana nono kwa sababu mgeni hakatwi mchango wa pensheni, wala mwajiri hamchangii. Akiba ya uzeeni ni juu yako. Kodi ya mapato nayo kwa kawaida haikatwi kila mwezi. Mwaka unaofuata unaletewa hesabu ya mwaka mzima, na aliyekwisha kutuma kila kitu nyumbani hutafuta pa kukopa. Mwenza na watoto huruhusiwa kukufuata kama mshahara wako unafika angalau 6,000, kwa hiyo aliyeingia na 5,600 ataishi peke yake kwanza. Habari za gari tuziache: cheti cha haki ya kumiliki peke yake, cha miaka 10, kimewahi kupita dola 100,000. Treni zinatosha.

Kabla hujaacha kazi au kukata tiketi, dai barua ya idhini ya awali kutoka kwa mwajiri, kisha ihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi ya Singapore. Wakala akikataa kukuonyesha barua hiyo, usimpe hata senti.