Matembezi ya Kilwa Kisiwani

Qurani Tukufu yatuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Sisi tukaao Soweto ya Mbeya, chini ya mlima Loleza, mbali na bahari, agizo hilo twalisoma zaidi kuliko kulitenda. Nauli ni ghali, na mashamba hayangoji.

Sababu ya safari yangu ni kijana mmoja wa madrasa. Siku moja alinionyesha katika simu yake picha za Tangier, mji mkubwa wa bandari ulioko katika ncha ya kaskazini ya Afrika, katika nchi ya Moroko, mahali bahari ya Atlantiki inapokutana na Mediterania na Hispania ikaonekana ng'ambo. Nikaona nyumba nyeupe zilizopandana mlimani, minara, na vichochoro vya mji wa kale. Kijana akasema, "Ustadhi, huko ndiko kwenye Uislamu wa kutazamwa. Kwetu umekuja juzi, umejengewa kwa bati."

Nikamwambia kwamba mtu wa mji huo huo, Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier mwaka 1304, aliaga wazazi wake mwaka 1325 naye ni kijana wa miaka 21, akaenda kuhiji, na asirudi upesi. Mwaka 1331 akafika Mombasa, akalala usiku mmoja, kisha akatweka kwenda Kilwa. Na katika khabari za safari zake, zilizokamilishwa kuandikwa huko Fez mwaka 1355, aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji iliyo mizuri na iliyojengwa vema. Kijana hakubisha, kwa adabu, lakini nilijua kuwa hakusadiki. Basi wazee wakachanga, nasi tukaondoka watu tisa: vijana sita, wazazi wawili, nami.

Tulikwenda kwa njia ya Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, tukateremka Lindi na kupanda tena mpaka Nangurukuru, ambako njia ya Kilwa Masoko huchepuka. Ni njia ndefu ya kuchosha, wala sina la kusifu ila chai ya Tunduru. Kilwa Masoko hapana budi mgeni alipe kiingilio na kupata kibali kabla ya kuvuka. Chukueni maji ya kutosha na viatu vya kufunga, kwa kuwa kisiwani kuna miiba.

Mashua ilitweka tanga asubuhi. Kisiwa ki karibu, na kitu cha kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyosimama ufukoni. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuvamia mji na kuupora. Mwaka 1512 wakaondoka, na ngome tuionayo leo ni kazi ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye. Vijana walipenda kupiga picha hapo. Mimi nilitaka tufike msikitini.

Msikiti Mkuu wa Kilwa una sehemu mbili. Ya kaskazini ni ndogo na ndiyo ya kale, ya karne ya 11 au ya 12, na paa lake limekwisha kuanguka. Ya kusini ni pana, ya karne ya 14, iliyoezekwa kwa makuba na matao yaliyobebwa na nguzo za mawe. Jiwe lake ni tumbawe la bahari, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Baadhi ya makuba yangali mazima, na ukisimama chini yake sauti yako hurudi kwa upole. Mmoja wa wazazi, ambaye ni fundi mwashi, alikaa muda mrefu akipapasa tao kwa kiganja. Akaniuliza waliwezaje kulifunga bila saruji. Yule kijana wa picha za Tangier alikuwa kimya mbele ya mihrabu.

Mali ya kujengea haya ilitoka mbali. Dhahabu ya Sofala, kusini, ilipitia mikononi mwa watu wa Kilwa, na vyombo vya Uchina na nguo za Bara Hindi vikaja kwa pepo za kaskazi. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Tano kati ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, Australia ya kaskazini. Nani aliyezifikisha huko, Mungu ndiye ajuaye.

Kutoka hapo twende kwa miguu, chini ya mibuyu, hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililo juu ya jabali likitazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogea lenye pembe nane. Sultani huyo ndiye aliyemkuta Ibn Battuta. Jambo la ajabu ni kuwa mgeni wetu aliandika kwamba nyumba za Kilwa ni za miti na mapaa yake ni ya majani, wala hakulitaja jumba hili. Huenda alizitazama zaidi nyumba za watu wa kawaida, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi.

Tukaketi kivulini, nami nikawasimulia kisa cha ukarimu wa sultani huyo, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi. Siku ya Ijumaa, akitoka kuswali, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akaingia nyumbani mwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa fakiri kupewa watumwa kumi. Watu walipomshukuru sultani, naye akaamuru fakiri apewe tena watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kijana mdogo kuliko wote, mwenye asili ya Kyela, akauliza, "Ustadhi, wale ishirini walikuwa akina nani?"

Msomaji mpenzi, nimekisimulia kisa hiki kwa miaka mingi kuwa ni mfano wa ukarimu, na nikifika penye watumwa hupita haraka. Siku hiyo sikuweza kupita. Nikamwambia kuwa walikuwa watu wa bara. Ibn Battuta mwenyewe asema sultani alikuwa akiwashambulia mara kwa mara. Na miaka mia tano baadaye misafara ilikuwa ikitoka Ziwa Nyasa ikiwaleta watu wetu wamefungwa mpaka Kilwa Kivinje, bara, kaskazini ya hapa, ili wapakiwe kwenda Unguja, hata soko la Unguja likafungwa mwaka 1873. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa pwani ya ziwa, alitueleza kuwa mama yake alikatazwa utotoni kwenda kuchota maji peke yake.

Akauliza tena, "Na fakiri aliwapeleka wapi?"

Nikasema kitabu hakisemi. Nikamkumbusha kuwa Qurani, katika Sura ya al-Balad, imeitaja njia ngumu ya kupanda, na cha kwanza ilichokitaja ni kumkomboa mtumwa. Akatikisa kichwa, akatazama baharini. Sijui kama jibu lilimtosha. Mimi halikunitosha.

Alasiri tuliiswali katika msikiti wa wanakijiji, maana kisiwani wangali watu, wavuvi na wakulima, wala si magofu matupu. Mzee mmoja akatupa madafu, akakataa fedha, akaniambia, "Maalim, wageni hawalipi."

Ijumaa iliyofuata, madrasani Soweto, nilimwomba yule mdogo awasimulie wenziwe khabari za Abul-Mawahib. Alisimulia vizuri, khatibu na nguo na yote. Alipofika penye watumwa alisimama, akahesabu kwa vidole: kumi, na tena kumi.