Kidole Shingoni, Breki Moyoni

Chini ya pembe ya taya, karibu na usawa wa juu wa kikoromeo, ateri kubwa inayopanda kutoka kifuani, ambayo wataalamu huiita karotidi, hugawanyika matawi mawili, moja likilisha ubongo na jingine uso. Penye panda hiyo ukuta wa mshipa umetuna kidogo, na ndani yake mna ncha za neva zinazohisi mvutano: damu ikija kwa nguvu, ukuta hutanuka, nazo ncha hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Shina hilo hujibu kwa kuiamuru vagasi, neva ndefu inayoshuka hadi moyoni, ipunguze kasi ya mapigo, na wakati huohuo kulegeza mishipa midogo ili shinikizo la damu lishuke.

Mwanafiziolojia Heinrich Hering ndiye aliyeufafanua mwitikio huu katika miaka ya 1920, na Mbelgiji Corneille Heymans akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa uchunguzi wa eneo hilohilo na jinsi linavyoongoza upumuaji. Hata twiga wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ambao shinikizo la damu yao hukaribia mara mbili ya lile la binadamu, huhitaji ulinzi wa namna hii kila wanapoinamisha kichwa kunywa maji na kukiinua tena.

Kasoro ya ulinzi huu ni kwamba ncha zile haziwezi kutofautisha msukumo wa damu na kidole kinachobonyeza kutoka nje. Katika vinyozi vingi vya Nakuru, mteja akishanyolewa hukandwa kichwa, mabega na shingo, na wapo wakandaji wanaokaza vidole pande zote mbili chini ya taya, jambo ambalo halifai hata kidogo, kwa kuwa moyo huweza kupunguza mwendo wakati uleule njia za damu ya ubongo zinapobanwa. Kijana mwenye afya pengine hatahisi lolote. Mzee huweza kuzirai kitini. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume waliopita miaka 50, eneo hili huwa jepesi mno kushtuka, hata kola inayobana au kugeuza shingo ghafla kukatosha kuwaangusha, na daktari huthibitisha hali hiyo anapoona moyo umesimama kwa sekunde 3 au zaidi, au shinikizo la juu limeshuka kwa milimita 50 za zebaki.

Madaktari wenyewe huitumia breki hii kutuliza aina fulani za mapigo ya kasi, lakini hukanda upande mmoja tu kwa sekunde 5 hadi 10, mashine ya kupima umeme wa moyo ikiwa imewashwa, baada ya kusikiliza kama mshipa una mvumo unaoashiria kuziba. Na aliyepata kiharusi hivi karibuni hafanyiwi kabisa, maana utando wa mafuta ukibanduka huweza kwenda kuziba mshipa wa ubongo.

Wakimbiaji wanaojinoa kwenye nyanda za juu kuanzia Njoro hadi Nyahururu, ambao wengi hupenda kujipima shingoni mara wamalizapo mbio, wangefanya vyema kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwani shingo ikibonyezwa sana hesabu huweza kutoka pungufu. Na anayepatwa na kizunguzungu kila anapogeuza shingo au kufunga tai aende hospitali apimwe moyo, asimwendee mkandaji.