Je, Wajua? Glavu Isiyo na Vidole Haijapungukiwa Kitu

Mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, muuza viazi wa stendi ya Njombe hawezi kuvaa glavu nzima. Atahesabuje noti? Kila mteja akitoa elfu kumi itabidi avue, arudishe chenji, avae tena, na asubuhi itaishia hapo. Asipovaa kitu, ikifika saa mbili vidole vimeshakuwa kama vya mtu mwingine. Kwa hiyo anavaa soksi kuukuu iliyokatwa ncha na kutobolewa tundu la dole gumba. Watu humcheka. Mimi simcheki, ila hiyo soksi inanisikitisha, maana kifaa cha kazi hiyo kipo, kinafumwa kwa mkono kwa jioni nne tu, na hakihitaji hata gramu 100 za uzi.

Kinachoniudhi ni watu kuichukulia glavu isiyo na vidole kuwa ni glavu iliyokosewa. Kuna wanaodhani ni pambo la wanamuziki. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kwa huruma kabisa kama uzi uliniishia. Hapana, mzee wangu, uzi ulibaki. Glavu imeishia pale ilipotakiwa kuishia.

Weka mkono wako mezani, kiganja kikiangalia juu, kisha ukunje kidole cha kati polepole huku ukitazama sehemu iliyo kati ya kifundo cha mkono na kiko. Kuna kitu kinatembea chini ya ngozi. Hicho ndicho kinachokunja kidole. Ndani ya vidole vyenyewe hamna msuli wa kuvikunja wala wa kuvinyoosha. Mna mifupa, kano, mishipa ya damu, neva, basi. Misuli mikubwa iko chini ya kiko, midogo iko kiganjani, na yote huvuta vidole kwa kano ndefu, kama mtu anayevuta kamba chini ili kengele ilie juu ya mnara. Kano hizo hupita kwenye kifundo cha mkono, na hapohapo hupita mishipa miwili mikuu inayopeleka damu kiganjani. Mmoja uko karibu sana na ngozi, ndiyo maana muuguzi hubonyeza hapo anapotaka kuhesabu mapigo ya moyo.

Sasa itazame glavu yetu: imefunika kifundo na kiganja. Yaani imefunika mtambo, ikaacha zana nje. Ncha za vidole, ambazo ndizo zinazojua kama noti ni moja au ni mbili zimegandana, ziko huru kufanya kazi yake. Sisemi inatosha kila mahali. Ukipanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, vaa glavu nzima, tena vaa mbili. Lakini kwa baridi ya Njombe, Makete, Limuru au Kinangop, ya mtu anayefanya kazi, hii ndiyo yenyewe.

Kiswahili kimetupa neno moja, kufuma, kwa kazi mbili ambazo hazifanani. Mfumi wa kitambaa hutandaza nyuzi nyingi za mtande, kisha hupitisha mshindio juu na chini yake. Nyuzi hukaa zimenyooka, ndiyo sababu ukiivuta kanga haikupi kitu. Mfumaji wa sweta ana uzi mmoja tu. Hutengeneza kitanzi, akavuta kitanzi kingine kupitia ndani ya kile cha kwanza, kingine kupitia hicho, na kuendelea hivyo maelfu ya mara. Ukivuta sweta, uzi wenyewe haurefuki. Vitanzi ndivyo vinavyobadili umbo, vinapanuka huku na kupungua kule, na ukiachia vinarudi vilivyokuwa. Mvutiko wa sweta umo katika umbo la kitanzi.

Na kwa kuwa uzi ni mmoja, kazi yote inaweza kurudi ilikotoka. Funga, fungua. Fuma, fumua. Fundi cherehani akikosea kukata, amekata. Seremala vivyo hivyo. Mfumaji akikosea anavuta uzi, mistari kumi inayeyuka mbele ya macho yake, anasonya, anaanza upya na uzi uleule. (Neno mfumo, hili la kompyuta na ofisi za serikali, limezaliwa na kufuma. Siku nyingine ukiambiwa mfumo uko chini, ujue kuna mahali kitanzi kimeponyoka.)

Si kila kazi ya kale ilikuwa hivyo. Katika Makumbusho ya Victoria and Albert jijini London ipo jozi ya soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, zimegawanywa sehemu mbili mbele ili mtu avae na ndara. Ukiziangalia haraka utasema zimefumwa kwa sindano mbili. La. Zimetengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, uzi ukipitishwa mzima mzima kwenye kila kitanzi, na soksi za namna hiyo hazifumuki hata ukizivuta. Ufumaji wetu huu wa kufumuka ulikuja baadaye sana, na vipande vya zamani zaidi tulivyo navyo vimetoka Misri hiyohiyo ya enzi za Kiislamu, soksi za pamba nyeupe na buluu.

Turudi mkononi. Kitambaa kilichofumwa upande mmoja tu wa mbele hujikunja pembeni kama jani la mgomba likikauka, kwa sababu kila kitanzi kimepindishwa na kinatamani kunyooka. Ukifuma vitanzi viwili kwa mbele na viwili kwa nyuma, ukarudia hivyo mzunguko mzima, hamu hizo mbili zinavutana: viwili vinatokeza, viwili vinajificha, na kitambaa kinajibana kama kinanda cha kuvuta. Hizo ndizo mbavu unazoziona kwenye mkono wa sweta. Hakuna mpira ndani yake. Kwenye glavu nafuma mbavu sentimita sita au saba, zikae barabara juu ya pale muuguzi anapobonyeza.

Kisha linakuja dole gumba, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Soksi ya muuza viazi imetobolewa tu, na tundu peke yake halitoshi, kwa maana dole gumba halikupangwa mstari mmoja na wenzake. Linaanzia chini, karibu na kifundo, kisha linafunguka kwa pembeni. Mkono uliotanuliwa ni mpana kuliko mkono uliofumbwa. Bomba lililotobolewa litakuvuta kila ukishika kitu kinene, na ndani ya mwezi mmoja litachanika papo hapo.

Dawa yake ni pembetatu. Chukua mkono wenye mzunguko wa sentimita 20, uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4. Mimi hufuma vitanzi 36 kwa mzunguko, ambavyo vikitulia vina sentimita 18 hivi, ili glavu ishike bila kubana. Mbavu zikiisha nachagua kitanzi kimoja, nakiwekea alama ya uzi wa rangi nyingine huku na huku. Nazalisha kitanzi kipya kulia kwake na kingine kushoto. Kimoja kimekuwa vitatu. Nafuma mizunguko miwili bila kuongeza kitu, mzunguko wa tatu naongeza tena: vitano, saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Mizunguko 18, sentimita sita na ushei, na pembetatu imeota katikati ya kitambaa bila mkasi wala mshono. Kitanzi kipya hupatikana kwa kuokota ule uzi unaopita kati ya vitanzi viwili na kuufuma ukiwa umesokotwa. Usipousokota utaacha kitundu, na upepo wa Njombe hauhitaji kitundu kikubwa.

Vile 13 navivua kwenye sindano na kuvilaza juu ya kipande cha uzi, visubiri. Naziba pengo kwa kitanzi kimoja kipya, narudi kwenye 36, namalizia kiganja mpaka pale vidole vinapogawanyika, nafunga kingo. Ndipo navirudia vile 13. Pale dole gumba linapokutana na kiganja lazima patabaki kijitundu, hata fundi awe nani. Okota vitanzi viwili vya ziada kwenye kona hiyo na uvipunguze mzunguko unaofuata. Nilikaa miaka mingi nikishona kile kitundu kwa sindano ya kawaida kabla sijaonyeshwa hilo.

Pembetatu ikikaa ubavuni hasa, kushoto na kulia hakuna tofauti. Jozi hiyo unaibadilisha mkono kila siku na inachakaa sawasawa.

Glavu hufumwa kwa mduara, kwa sindano tano zenye ncha pande zote mbili: nne zinashika vitanzi, ya tano inafanya kazi. Bibi yangu alinichongea za kwanza kwa mwanzi mkavu, mwanzi uleule ambao machipukizi yake hugemwa ulanzi masika. Majirani walitumia spoki za baiskeli. Spoki ni nyembamba, milimita mbili hivi, kwa hiyo vitanzi vinakuwa vidogo na vingi mno, kazi inakuwa ndefu, lakini kitambaa kinashiba na upepo haupenyi. Sijawahi kuvaa glavu nzuri kuliko za spoki, na sina tena subira ya kuzifuma.

Uzi ndio mtihani. Mwaka juzi nilinunua madonge manne kwenye duka moja mjini, lebo ikisema sufu asilimia 100. Nyumbani nikakata kipande cha urefu wa kidole, nikakishika kwa koleo juu ya bakuli la maji, nikakiwasha. Sufu halisi huungua kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, ukiondoa moto huzimika, na majivu yake yanasagika. Uzi wangu uliyeyuka na kudondosha tone gumu jeusi kama shanga. Plastiki tupu: akriliki. Akriliki ina joto lake, siikatai. Lakini sufu inaweza kunywa mvuke wa maji unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, wakati akriliki hainywi karibu chochote, na jasho linabaki kwenye ngozi likikupozesha. Tena haiishii hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria kuwa ufuaji mmoja wa kilo sita za nguo za akriliki unaweza kuachia nyuzinyuzi zaidi ya 700,000. Maji yetu ya kufulia hayaendi kwenye mtambo wa kuyachuja, yanaishia mtoni.

Sufu tutaipata wapi? Kondoo wetu wengi wana manyoya mafupi yasiyosokoteka. Kenya wanao kondoo wa sufu kwenye nyanda za juu. Sisi tunayo migunia ya mitumba. Kila baridi inapoanza, masweta mazito ya sufu ya Ulaya hufunguliwa sokoni, na yaliyotoboka kiwiko au yaliyokuwa makubwa mno hurundikwa pembeni mpaka yanachomwa. Uzi mzuri kuliko wowote ulioko dukani tunautia kiberiti. Huo ni uzembe, sina jina lingine.

Kabla hujanunua, geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona pindo lililokatwa na kuzungushiwa nyuzi za ovaloki, liache: lilikatwa kutoka kwenye kitambaa kikubwa, kila mstari utatoka kipande kifupi. Ukiona vitanzi vya pembeni vizima, vimeunganishwa kwa mnyororo mmoja mwembamba, lipia. Kata mnyororo huo, tafuta ncha begani, vuta. Uzi utatoka umejikunjakunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uuanike ukiwa umening'inizwa na uzito mdogo chini. Sufu ni nywele, na hushika umbo inapokauka, kama nywele zilizosukwa zikiwa mbichi. Ikikauka imenyooka, imesahau kuwa ilikuwa sweta. Usitumie maji ya moto na usisugue: magamba madogo yaliyo juu ya nywele za sufu yatashikana, na hapo hata fundi gani hafumui.

Wanaozihitaji glavu hizi ni wengi kuliko tunavyodhani: wachuma chai, mafundi cherehani, madereva wa bodaboda wakiwa kijiweni, wanafunzi wa bweni wanaosoma alfajiri, wazee wenye baridi yabisi, wapiga gitaa, walinzi wa usiku, wakata tiketi, na kila mwenye simu ya kugusa.

Fuma ya pili kabla hujaanza kuivaa ya kwanza, la sivyo hutaifuma. Na uzi hautakusumbua: sweta la gramu 400 linatoa jozi sita.