Shubiri si moja

Waswahili wakitaka kutaja uchungu usio na kifani husema "chungu kama shubiri". Wachache hukumbuka kwamba shubiri na subira ni ndugu: maneno yote mawili yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Aliyewahi kuinywa shubiri anauelewa udugu huo bila kufundishwa sarufi.

Mjini Garissa mmea huu hupandwa penye nyua kwa ajili ya maua yake, mekundu au ya manjano, yasiyoogopa ukame. Wasomali huuita dacar, herufi c ikisimama badala ya ain. Waborana huuita hargeessa. Majina hayo yamebeba elimu ya vizazi. Wazee hutenga utomvu wa manjano, ulio mchungu, na ute uliomo ndani ya jani. Ute hupakwa penye jeraha au palipoungua. Utomvu hunywewa kwa uchache kufungua tumbo, na akina mama huupaka kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa.

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu watokao Kaskazini Mashariki jina la mmea huo. Karibu wote walijibu, "Alovera." Nilisikitika, wala si kwa ushabiki wa lugha. Alovera ni aina moja tu, yenye asili ya Bara Arabu. Kenya ina aina zaidi ya 50 za shubiri, na si zote zilizo dawa. Iko moja, Aloe ruspoliana, imeayo kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia, ambayo maji yake yalipakwa kwenye nyama ili kuua fisi. Sumu yake ni ya jamii moja na ile aliyonyweshwa Socrates. Azitajaye zote kwa jina moja atajuaje aepuke ipi?

Hata utomvu wa shubiri nyinginezo si wa kuchezewa, hasa kwa mwanamke mwenye mimba.

Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri za mwituni, na kanuni za kuzihifadhi zikatolewa mwaka 2007. Mmea umepata mlinzi. Majina yake hayajapata.

Walimu wa Garissa, Wajir na Mandera, wapeni wanafunzi kazi ya likizo: waketi na nyanya zao, waandike jina la kila shubiri, sehemu itumikayo, na ile isiyoguswa. Subira huvuta heri, lakini wazee wanazidi kututoka. Tukisubiri mno, tutabaki na shubiri tu.