Asili ya Mbwa wa Kienyeji

Ukipita kwa miguu asubuhi kutoka Kolandoto kwenda vijiji vya jirani, watakaotangulia kukulaki si wenye miji, bali ni mbwa wao. Ni mbwa wembamba, wenye nywele fupi. Rangi yao mara nyingi ni ya mchanga au ya kutu, na wengine wana kifua cheupe na nyayo nyeupe. Masikio yao husimama, na mkia hupinda juu ya mgongo kama mundu. Hawakununuliwa sokoni, wala hakuna ajuaye hesabu ya mababu zao. Hula ukoko wa ugali na mifupa, hulala nje karibu na zizi, na fisi akilia usiku wao ndio wa kwanza kumjibu.

Watu wengi huwaita mbwa hawa mbwa koko, au mbwa shenzi, kana kwamba hawana asili. Tena wako wasemao ya kuwa mbwa wenye asili ni wale walioletwa kutoka Ulaya, wenye umbo kubwa na nywele ndefu, wafungwao mnyororo mlangoni pa matajiri. Maneno hayo si kweli, na kinyume chake ndicho kilicho karibu zaidi na kweli.

Kwanza yafaa kujua mbwa alitoka wapi. Katika Afrika ya Mashariki wako wanyama wawili wanaofanana naye, yaani mbweha na mbwa mwitu. Hapo kale watu wa elimu walidhani ya kuwa huenda mbwa wa nyumbani ametokana na mbweha. Siku hizi yajulikana hakika ya kuwa sivyo. Mbwa mwitu wa pori la Tanzania, yule mwenye mabaka meusi, ya manjano na meupe, naye si baba wa mbwa. Ushahidi mmoja uko mguuni. Mtazame mbwa wa nyumbani mguu wake wa mbele: utaona vidole vinne vikanyagavyo chini, na kidole cha tano kidogo upande wa ndani, juu kidogo, kisichogusa ardhi. Mbwa mwitu hana kidole hicho. Ana vinne tu.

Baba wa mbwa wote wa dunia ni mnyama mwingine, mkubwa, wa kijivu, akaaye katika nchi za Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili hawakuwa na jina lake, kwa kuwa hayuko huku. Wakamwita mbwa mwitu, na ndiye yule atajwaye kuwa anararua kondoo. Basi msomaji asichanganye wanyama hawa wawili kwa sababu ya jina moja.

Jinsi mnyama huyo mkali alivyopata kuwa rafiki wa mtu haikuandikwa na mtu yeyote, maana mambo hayo yalitokea zamani sana, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla watu hawajajua kulima wala kufuga ng'ombe. Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kufugwa. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi hilo lina umri upatao miaka 14,000. Zaidi ya miaka 100 baadaye wataalamu walichungua meno ya mbwa yule, wakaona alama za ugonjwa mkali wa homa ya mbwa, uliomshika alipokuwa bado mtoto wa miezi minne na nusu hivi. Mbwa mgonjwa namna ile hawezi kuwinda, hata kusimama ni taabu. Walakini aliishi majuma mengi baada ya kushikwa. Maana yake yuko mtu aliyempa maji na chakula, akamfuta uchafu, ingawa mbwa huyo hakuwa na faida yoyote kwake wakati ule.

Mbwa wa kale walipokaa na wakulima, hata matumbo yao yaligeuka. Mwaka 1913 mtu asingaliweza kujua jambo hili, lakini mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walilinganisha chembe za urithi za mbwa na za yule mnyama wa kijivu. Wakaona kuwa mbwa ana nguvu nyingi zaidi ya kuyeyusha wanga, yaani chakula cha nafaka na mizizi, kuliko babu yake mla nyama. Hiyo ndiyo sababu mbwa wa Usukuma huweza kuishi kwa ugali wa mtama na mahindi bila kudhoofika upesi. Kinyume chake, mbwa wa pori la Australia, aitwaye dingo, ambaye mababu zake walifika nchi ile kwa chombo cha bahari miaka 3,500 hivi iliyopita, na ambaye hakukaa na wakulima, hana nguvu hiyo.

Katika Afrika mbwa aliingia kwa mlango wa kaskazini. Mifupa ya zamani sana imeonekana katika Misri, karibu na mto Nili, nayo ina umri wa miaka 6,000 na zaidi. Wamisri walimpenda mbwa na kumpa jina kama mtu. Mwaka 1935, huko Giza, penye zile piramidi kubwa, mchimbuzi wa mambo ya kale George Reisner aliona jiwe lenye maandishi ya habari za mbwa aitwaye Abuwtiyuw. Mbwa huyo alimlinda mfalme zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Alipokufa, mfalme aliamuru apewe jeneza kutoka hazina ya ufalme, na nguo nzuri za kitani, na ubani, akajengewa na kaburi. Mwili wake haukuonekana, wala jina la mfalme halijulikani. Jina la mbwa ndilo lililobaki.

Kutoka Misri mbwa alifuata mto kwenda Nubia, kisha akaja kusini pamoja na wafugaji na wakulima. Lakini safari yake ilikwenda polepole mno. Mbwa wa kwanza kujulikana kusini mwa mto Limpopo ni wa karne ya 6 hivi baada ya Kristo. Yaani kutoka Misri hata huko, mbwa alitumia miaka ipatayo 4,000 au zaidi! Mtu aliye hodari angeweza kwenda njia hiyo kwa miaka michache. Mbona mbwa alichelewa?

Watu wa Shinyanga ndio wangeweza kulijibu swali hili bila kusoma kitabu. Mbung'o hubeba ugonjwa wa nagana uuao ng'ombe, na mbwa naye hufa kwa ugonjwa huo huo. Macho yake hufunikwa na utando mweupe kama maziwa, hukonda, kisha hufa. Hapo tena kuna kupe na maradhi yake, na homa nyingine ambazo mnyama mgeni hana kinga nazo. Katika miaka ya 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya kuchunguza mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton, ambaye alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Na Wasukuma maelfu walitoka kwa mashoka na majembe kufyeka vichaka ili mdudu yule akose kivuli. Hata hivyo katika nyakati za kale hapakuwa na idara, na vichaka vilikuwa vingi. Kila mara mbwa walipoingia katika nchi ya mbung'o, wengi walikufa, wakabaki wachache wenye mwili mgumu. Hao wakazaa, na watoto wao wakasogea mbele hatua nyingine. Kwa hiyo mbwa yule mwembamba alalaye kando ya zizi si kizazi cha mbwa wowote tu. Mababu zake walichujwa kwa maradhi, kizazi baada ya kizazi, kama mtama upepetwavyo.

Lugha nazo hutoa ushahidi. Mswahili husema mbwa, Mganda husema embwa, Mnyarwanda imbwa, Mbemba wa Zambia imbwa, na Mshona wa Zimbabwe imbwa. Wenye kuchunguza lugha hukata shauri kuwa wazee wa Wabantu walikuwa na neno hili kabla hawajatawanyika. Na tazama ajabu nyingine: katika kisiwa cha Madagaska, ambako lugha yao ilitoka mbali mashariki, upande wa Indonesia, mbwa huitwa amboa. Neno hilo lilivuka bahari kutoka Afrika. Na wataalamu walipochungua damu ya mbwa wa Madagaska, wakaona kuwa wanyama wenyewe nao walitoka Afrika. Neno na mbwa walipanda chombo kimoja.

Mbwa wa Afrika anayesifiwa zaidi katika nchi za nje ni yule wa misitu ya Kongo. Ni mdogo: urefu wake begani ni kama sentimeta 40, na uzito wake kilo 10 au 11. Paji la uso wake lina makunyanzi, kana kwamba ana shaka na jambo fulani. Hujilamba kama paka. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ambapo mbwa wengi wa kizungu hupata mara mbili. Tena habweki kama mbwa wengine, kwa kuwa koo lake lina umbo lake mwenyewe; akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka, mfano wa mtu ajaribuye kuimba. Kwa sababu hii wawindaji wa Kongo humvika kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko upande gani wa kichaka anapofukuza wanyama kuelekea nyavuni. Wazungu walijaribu kumpeleka Uingereza mwaka 1895, lakini mbwa wale walikufa kwa homa ya mbwa, ugonjwa ule ule wa yule mtoto wa Oberkassel. Mwaka 1937 walioletwa na Olivia Burn walionyeshwa London, na watu walijaa kuwatazama.

Jina walilopewa huko ni basenji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kulitambua. Ni neno lililotoka katika Kiswahili na kuingia katika Kilingala, nalo maana yake ni washenzi. Leo mbwa huyo huuzwa Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi chini ya jina hilo la dharau, na mwenye kumnunua hajui alilolitamka.

Wataalamu waliochungua damu ya mbwa wa aina nyingi mwaka 2004 walikuta kuwa basenji yu miongoni mwa wale waliotengana na wengine mapema sana, pamoja na mbwa wachache wa Japani na China. Lakini mbwa mmoja wa Ulaya aitwaye mbwa wa Farao, ambaye watu husema ametoka Misri ya kale kwa sababu anafanana na picha za makaburini, alionekana kuwa wa juzi tu; wafugaji walimtengeneza kwa kuchanganya na kuchagua. Na hivyo ndivyo walivyo mbwa wengi wenye vyeti. Maonyesho ya kwanza ya mbwa katika Uingereza yalifanywa Newcastle mwaka 1859, na chama chao cha kuandika ukoo wa mbwa kilianzishwa London mwaka 1873. Kabla ya hapo mbwa walitajwa kwa kazi zao: huyu wa kondoo, huyu wa panya, huyu wa sungura. Cheti huonyesha kuwa ukoo umeandikwa. Hakionyeshi kuwa ni wa kale.

Mwaka 2009 wataalamu wengine walitoa habari za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Walitaka kujua kama ni machotara wa mbwa wa Ulaya, kama wengi walivyodhani. Wa Uganda walionekana kuwa karibu wote ni wa asili ya Afrika hasa. Wa Namibia baadhi yao walikuwa wamechanganyika, hasa katika sehemu walizokaa Wazungu wengi. Huko kusini Wakhoikhoi walikuwa na mbwa mwenye tuta la nywele mgongoni zilizogeukia mbele. Walowezi wakamchanganya na mbwa wao, na mwaka 1922 huko Bulawayo wakaandika sifa za mbwa mpya wa kuwindia simba. Tuta lile bado analo. Mbwa wa Wakhoikhoi mwenyewe hawamwoni tena katika hali yake ya kwanza.

Mbwa wa kienyeji ana hatari yake pia. Kichaa cha mbwa huua kila mtu ambaye dalili zake zimekwisha kuonekana, isipokuwa wachache mno wasiofikia kuhesabiwa. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apigwe sindano, hata jeraha likiwa dogo kama mkwaruzo. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia katika pori la Serengeti kutoka kwa mbwa wa vijijini, ikiwa pamoja na maradhi ya kupe, na simba wapatao 1,000 wakafa, yaani theluthi moja ya wote. Baada ya msiba huo mbwa wa vijiji vilivyo kando ya Serengeti walianza kuchanjwa. Wenye maarifa husema ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Kuwaua mbwa ovyo hakusaidii, maana waliochanjwa huuawa pamoja na wengine, na mahali pao hujaa watoto wa mbwa wasio na kinga.

Siku ya chanjo inapotangazwa, mara nyingi watoto ndio waletao mbwa. Huja alfajiri, mmoja na mbwa wawili kwa kamba ya katani, mwingine amembeba mtoto wa mbwa kifuani. Bwana mifugo humpiga mbwa sindano, kisha huuliza jina la mwenye mbwa na jina la mbwa mwenyewe, akayaandika yote mawili katika karatasi, mtoto akaenda nayo nyumbani.