Kebini ya Lori Kuukuu

Sisi tukaao Tororo huyaona malori makubwa yenye tela mchana na usiku. Hutoka Malaba mpakani kwenda Kampala, na mengine huendelea hata Rwanda na Kongo. Kutoka Mombasa hadi Kampala tu ni mwendo wa zaidi ya kilometa 1,100. Mengi ya malori hayo hayakununuliwa mapya. Yalifanya kazi Ulaya kwanza, ndipo yakaletwa huku kwa meli.

Mtu anunuapo lori la namna hii hutazama rangi, magurudumu na injini. Kebini, yaani chumba cha dereva, huitazama upesi tu, aone kama viti havikuchanika. Mjomba wangu alikuwa karibu kufanya kosa hilo, nami nilikuwapo. Kwa hiyo nataka kueleza mambo yaliyomo ndani ya kebini, na jinsi ya kuyajaribu.

Tuanze na umeme. Motakaa ndogo ina betri moja ya volti 12. Lori kubwa lina mbili, zimeunganishwa zikawa volti 24. Basi ukichukua redio ya motakaa ndogo ukaiunga moja kwa moja, itaungua. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa nyingi za onyo huwaka mbele yako, kisha baadhi yake huzimika. Tazama vizuri wakati huo. Taa ambayo haiwaki hata kidogo si dalili ya uzima; labda balbu imekufa, au mtu ameitoa ili kuficha ugonjwa. Taa nyekundu ikiwaka njiani, simama. Ya manjano ikiwaka, gari lipelekwe kwa fundi mapema.

Kisha ziko geji: ya dizeli, ya joto la maji, na ya oili. Hizo hata dereva wa motakaa ndogo azijua. Lakini lori lina geji nyingine ya mishale miwili, nayo ndiyo inayolinda roho za watu. Ni geji ya upepo.

Breki za lori kubwa hufanya kazi kwa hewa, na madereva huziita breki za upepo. Asili yake ni gari la moshi: mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alipata hati ya kumiliki ufundi huo. Katika lori, injini huendesha pampu inayojaza hewa katika matangi. Dereva akikanyaga breki, hewa hiyo hukimbilia magurudumuni na kuyabana. Matangi yamegawanywa njia mbili, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Ndiyo maana ya mishale miwili.

Breki ya kuegesha hufanya kazi kinyume chake. Hiyo hubanwa na springi zenye nguvu, na hewa ndiyo inayozizuia zisibane. Ndiyo sababu lori lililolala usiku kucha na kupoteza upepo haliondoki mpaka injini ingurume kitambo na matangi yajae. Hewa ikipungua mno barabarani, springi zitabana zenyewe, lakini hubana kwa ghafula, mahali usipopataka, wakati breki ya mguu imekwisha dhoofika. Kwa hiyo kabla ya kufika hapo, hapana budi taa iwake na king'ora kilie.

Jaribu hivi. Simamisha lori mahali tambarare, uzuie magurudumu kwa mawe makubwa. Jaza upepo, katika magari ya Ulaya mishale hupanda kufika 8 au kupita. Zima injini, rudisha ufunguo ili umeme uwepo, kisha fungua breki ya kuegesha. Kanyaga breki na kuachia, mara nyingi. Mishale itashuka. Ikikaribia 5 au 4, onyo lazima litokee.

Tulipofanya hivyo katika lori la mjomba, mshale mmoja ulishuka hata chini ya 3, na kimya kikawa kile kile. Fundi alifungua dashibodi, akaona waya umekatwa na kufungwa utepe. Muuzaji alipoulizwa alisema king'ora kilikuwa kikimsumbua kwa kelele. Waya ulipoungwa, king'ora kililia kila asubuhi, kwani bomba moja la nyuma lilikuwa likivuja. Mjomba alikataa kulipa mpaka bomba libadilishwe.

Geji ikiwa nzima, bado dereva ana kazi. Mteremkoni, akikanyaga breki mfululizo, hupata moto na kupoteza uwezo wa kushika, ingawa upepo umejaa. Yampasa atie gia nzito kabla ya kuanza kushuka, na atumie breki ya injini, ambayo swichi yake huwa karibu na usukani au sakafuni. Wako wanaoweka gia huru ili kuokoa dizeli. Mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, umejulikana kwa ajali za namna hiyo.

Nyuma ya kebini kuna mipira ya upepo inayokwenda kwenye tela. Mwekundu huleta upepo wa kujaza matangi ya tela. Wa manjano hupeleka amri ya breki ya mguu. Mwekundu ukikatika, tela hujibana yenyewe. Itazame kila safari kama haikupasuka.

Mwisho, utaona chombo kinachoandika saa za kuendesha. Sheria ya Ulaya humtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu. Huku kwetu chombo hicho mara nyingi hakitazamwi na mtu, lakini mwili wa dereva wa Malaba huchoka kama wa dereva wa London.

Sasa mjomba hujaribu king'ora kila Jumatatu kabla ya kuondoka. Utingo wake hulalamika kwamba wanachelewa. Huchukua muda wa dakika tano.